Shimo jeusi halimezi kila kitu
Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani, kijana mmoja pale Kibirizi, Kigoma, aliniuliza: "Kaka, lile shimo jeusi si litatumeza sote siku moja?" Wengi wanaamini hivyo. Sivyo.

Shimo jeusi ni kitu cha angani chenye mvutano mkali mno kiasi kwamba hata mwanga hautoki ndani yake. Lile lililo katikati ya galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, lina uzito wa majua kama milioni 4, na nyota zinalizunguka bila kumezwa.

Kwenye galaksi hai, yaani ile ambayo shimo jeusi la katikati yake linavuta gesi nyingi, gesi haidondoki shimoni moja kwa moja. Inazunguka kwanza kama sahani, inasuguana, inapata joto kali mno, mara nyingine inang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Na mwanga unasukuma. Mtazame mama anayemimina mawese kwenye chupa ya shingo nyembamba: akizidisha, yanamwagika nje. Huko gesi inafukuzwa hasa, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 30,000 kwa sekunde. (Iliyokwisha kuvuka mpaka wa shimo hairudi; inayorushwa ni ile ambayo haijafika.) Linalonigusa zaidi ni hili: gesi hiyo ikitoweka, galaksi inakosa cha kuzalia nyota mpya.