Utaridi: kati ya Magharibi na Isha

Sayari za Zuhura (Venus) na Mshtarii (Jupiter) hazihitaji maelezo marefu: zinang'aa kupita nyota zote, tena hazimetameti. Inayowashinda wengi ni Utaridi (Mercury), sayari iliyo karibu zaidi na jua. Haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 28, hivyo huonekana muda mfupi tu baada ya Magharibi, au alfajiri kabla ya kupambazuka vizuri. Walio mbali na ikweta mara nyingi huipoteza kwenye wekundu wa machweo, kwa kuwa kwao njia ya sayari hulalia upeo. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Hapa njia hiyo husimama karibu wima, na sayari hukaa juu kwa muda wa kutosha.

Jioni ya kuiwinda ni ya tarehe 12 Oktoba 2026 na siku chache kabla na baada. Jua litazama Lamu kama saa 12:08. Anza saa 12:35, kwani mapema zaidi anga bado jeupe. Ikifika saa 1:10 imeshashuka sana. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wake ni nyuzi 10. Tafuta ngumi moja na kidogo juu ya upeo, kushoto kwa pale jua lilipozama. Zuhura nayo itakuwa jirani, na ndiyo ing'aayo zaidi, usizichanganye.

Kosa kubwa ni kukaa mbele ya mji, pwani. Pale unaelekea kisiwa cha Manda, mashariki! Panda vilima vya mchanga vya Shela, uone magharibi bila mikoko wala mapaa.

Malindi ni kinyume: ufuo wake ni wa alfajiri. Tarehe 20 Novemba 2026, kati ya saa 11:15 na 11:35, iangalie Zuhura juu ya bahari, kisha shuka kuelekea jua litakakochomoza. Nukta tulivu chini yake ndiyo Utaridi.

Ukungu wa chumvi hula mwanga karibu na maji, kwa hiyo darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (inayokuza mara 7 au 10, yenye vioo vya mbele vya milimita 50), inasaidia sana. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi vioo vitapata mvuke. Iache nje dakika 15, usivifute na kanzu, chumvi huvikwaruza. Jioni usiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote, na alfajiri iweke chini kabla halijachomoza. Jua ndani ya darubini hupofusha papo hapo.