Nyumba ya mazishi ikiuzwa, hela za waliolipa mapema zinaenda wapi?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Dallas dada mmoja, kazi yake ni kutunza wazee majumbani, aliandika kwamba mzee anayemhudumia alishalipia mazishi yake yote miaka mingi nyuma, sasa ile nyumba ya mazishi, yaani kampuni inayoandaa maiti na kuzika, imeuzwa, bango la nje limeshabadilishwa jina, na mzee wa watu usiku halali, anauliza tu hela zangu ziko wapi, nani atanizika. Watu wakajibu. Mmoja akasema mwambie asahau, hizo zimeshaliwa. Mwingine akasema huku Marekani kila kitu kipo kwenye kompyuta, wasiwasi wa nini. Majibu yote mawili siyo, na nikaona nikiandika pale kwenye grupu itapotea kwenye picha za harusi, bora niandike hapa kwa urefu.

Mi ni mhasibu, na upande niliobobea ni huu huu, nyumba ya mazishi ikitaka kuuzwa naitwa kuhesabu hela za watu waliolipa wakiwa hai, nalinganisha mikataba na kilichopo benki kabla funguo hazijabadilisha mkono. Sio kazi ambayo watu wanaijua sana ila naipenda kwa moyo wote, kwa sababu ni sehemu chache sana kwenye biashara ambapo mteja akidhulumiwa hawezi kabisa kuja kulalamika, yeye ndo yuko kwenye jeneza.

Kwanza muelewe kwa nini Wamarekani wanalipa mapema, maana sisi tumezoea mtu akifa ndo daftari la michango linafunguliwa. Wengine wanalipa ili wasiwaachie watoto mzigo, sawa, lakini sababu kubwa ambayo wengi hawaisemi ni Medicaid, ule mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu na matunzo wasio na uwezo. Mzee akitaka serikali imlipie kituo cha wazee inabidi asiwe na mali ya maana, kiwango kinachotumika sehemu nyingi kwa mtu mmoja ni dola 2,000 tu, ila mkataba wa mazishi ambao hauwezi kuvunjwa hauhesabiwi kama mali. Kwa hiyo mzee anachukua akiba yake iliyobaki anaifungia kwenye mkataba wa mazishi, na akishaufunga ndo basi, hawezi kurudi kesho akasema nirudishieni hela nimebadilisha mawazo. Majimbo mengi yanamruhusu auhamishie kwenye nyumba nyingine ya mazishi, ila hela mkononi hapati. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, hela yake ya mwisho kabisa imefungwa mahali, halafu mwenye mahali anauza na kuondoka.

Haya, leseni. Watu wanadhani ukinunua nyumba ya mazishi umenunua na ile leseni iliyotundikwa ukutani pale mapokezi kwenye fremu. Kwa sehemu kubwa ya Marekani hapana, leseni imetolewa kwa mmiliki fulani, mahali fulani, mmiliki akibadilika inakufa na mnunuzi anaomba yake upya. Hapa Texas kuna ofisi mbili tofauti na hapo ndo wengi wanajikwaa, Tume ya Huduma za Mazishi inashughulika na nyumba yenyewe, chumba cha kuandalia maiti, watu wenye vyeti na kadhalika, lakini ruhusa ya kuuza mazishi ya kulipia mapema inatoka Idara ya Benki ya jimbo. Ndiyo, benki. Mtu anaweza kuwa amekamilisha makaratasi yote ya Tume, ana leseni mpya inang'aa, na bado hana haki ya kugusa hata dola moja ya wazee waliolipa kwa mwenye nyumba wa zamani. California wao wanaruhusu leseni ihamishiwe kwa mnunuzi kwa maombi maalum, na kwenye hayo maombi wanataka ripoti ya mhasibu wa kujitegemea inayoonyesha fedha za mapema zilizopo. Mi napenda sana huo utaratibu, unafunga leseni na hela kamba moja, hupati hii bila kuonyesha ile.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Kuna kununua jengo, magari, jina na wateja, na kuna kununua hisa za kampuni nzima. Ukinunua hisa, kampuni ni ile ile kwenye karatasi, jina lile lile, namba ya leseni ile ile, aliyebadilika ni mtu aliyekaa nyuma ya meza tu. Zamani watu walikuwa wanapitia hapo wanasema hatujahamisha kitu, leseni iko kwa mwenyewe. Ndo maana msimamizi makini hataki kuambiwa leseni imehama tu, anataka kujua nani ana hisa nyingi sasa hivi, na anataka kujua kabla, sio miezi sita baadaye akipita na kukuta sura ngeni.

Sasa hela, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penye kazi. Mteja akilipa, hela inaenda sehemu mbili, ama mfuko wa amana benki chini ya mdhamini, yaani anayezitunza kwa niaba ya mteja, ama bima ya maisha ambayo malipo yake yameelekezwa kwa nyumba ya mazishi. Kila jimbo lina sheria yake ya muuzaji ajikatie kiasi gani mwanzoni. New York hawamruhusu kukata kitu, asilimia 100 inaingia kwenye amana. Texas anaweza kubaki na hadi asilimia 10. Missouri zamani walikuwa wanamwachia muuzaji asilimia 20, na yaliyotokea kule nitawaeleza hapo chini.

Mkataba wenyewe uko wa aina mbili pia. Kuna ule wenye bei iliyofungwa, ukilipa leo umemaliza hata ukifa baada ya miaka 30, na kuna ule ambao hela yako ni akiba tu, tofauti ya bei watalipa ndugu. Kwenye bei iliyofungwa mnunuzi wa nyumba ndo anabeba tofauti. Chukua mfano, mzee alilipa dola 3,200 mwaka 1994, hela imekaa ikazaa imefika 5,900, lakini mazishi ya kawaida yenye kuaga mwili na kuzika, kwa takwimu za chama cha wakurugenzi wa mazishi cha huku, mwaka 2023 bei ya katikati ilikuwa dola 8,300. Kwa hiyo hapo kuna pengo la 2,400 kwa mtu mmoja. Nyumba ikiwa na mikataba 140 ya namna hiyo ni dola 336,000, deni ambalo halipo kwenye vitabu vya muuzaji kama deni. Nimeshaona mnunuzi amekaa kimya mezani dakika nzima baada ya kuonyeshwa hesabu hiyo. Na mnunuzi aliyebanwa ndo anaanza kumwambia mjane lile jeneza la kwenye mkataba halitengenezwi tena mama, chukua hili utaongeza kidogo. Kwa hiyo kuhesabu kabla ya kuuza sio urasimu, inamlinda yule mjane ambaye hata hajui kama kuna biashara inauzwa.

Mfano ambao kila mtu wa fani hii anaujua ni National Prearranged Services ya St. Louis, Missouri. Walikuwa wanauza mikataba kupitia nyumba za mazishi za majimbo mengi, walikuwa na kampuni zao mbili za bima zilizosajiliwa hapa Texas, Lincoln Memorial Life na Memorial Service Life, na hela za wateja zikawa zinazunguka ndani ya ukoo mmoja. Mteja analipa mazishi yote kwa mara moja, wao kwenye fomu ya bima wanaandika analipa kidogo kidogo, iliyobaki wanaitumia. Bima za maisha wanazikopea hela. Mazishi ya leo yanalipwa na mteja mpya wa leo, na mchezo huo unaenda vizuri mpaka wateja wapya wapungue. 2008 Texas ikazichukua zile kampuni za bima na mchezo wote ukaanguka, wateja kama 97,000, hasara zaidi ya dola milioni 450. 2013 aliyekuwa nyuma ya kampuni, James Douglas Cassity, akahukumiwa kifungo cha karibu miaka 10. Mifuko ya dhamana ya bima ya majimbo, ile inayolipa wateja kampuni ya bima ikianguka, ikalipa sehemu kubwa, na nyumba za mazishi nyingi zikazika watu kwa hela pungufu, zikala hasara zenyewe, maana ukishampa mtu ahadi ya maziko huwezi kumwacha mochwari. 2009 Missouri ikaandika sheria upya, ikaweka leseni ya muuzaji, leseni ya mtoa huduma na usajili wa wakala.

Ila kipande ninachokipenda kuwaonyesha wanafunzi wangu ni cha benki. Mmoja wa wadhamini wa mifuko ya amana ya kampuni hiyo kule Missouri ilikuwa benki inaitwa Allegiant, ikanunuliwa na National City mwaka 2004, National City nayo ikanunuliwa na PNC mwishoni mwa 2008. PNC hawakuwa wamemuuzia mtu mazishi hata mmoja, lakini uzembe wa usimamizi wa Allegiant ukawafuata. 2015 mahakama ya St. Louis ikawahukumu zaidi ya dola milioni 390, rufaa ikaitengua 2017, kesi ikasikilizwa tena na 2019 jaji akawaambia walipe karibu milioni 100. Anayenunua amana ananunua na dhambi zake. Kwa hiyo nikifika mahali siulizi tu nyumba imebadilisha mikono mara ngapi, nauliza na benki.

Kazi yenyewe ukiiona kwa karibu haina maajabu. Mara moja niliitwa kwenye nyumba moja ya mji mdogo, mwenyewe amezeeka anataka kupumzika, watu wema kabisa. Ripoti ya mdhamini ina majina 212. Leja yao ina 212. Safi, wengine wangeishia hapo. Mi huwa naomba kufungua makabati, basi kwenye chumba cha nyuma, karibu na yalipo maua ya plastiki, kulikuwa na kabati la chuma la droo nne na ya chini imekwama, tukaivuta watu wawili. Ndani kadi za manila, mikataba ya miaka ya themanini, kila kadi ina mistari ya malipo imeandikwa kwa peni, dola 25, dola 25, dola 25, na kila mstari una herufi za karani aliyepokea. Kadi 19. Tukaanza kuangalia moja moja, 11 walishafariki na kuzikwa, 3 walihama, 5 wako hai na hawapo kwenye leja wala kwa mdhamini. Mmoja wao bibi wa miaka 91 alikuwa amemaliza kulipa 1989, anakaa mtaa wa pili kutoka pale. Hakuna aliyeiba, walihamisha rekodi kutoka kadi kwenda kompyuta na droo ilikuwa imekwama, basi. Muuzaji aliwaingizia wale watano hela yao yote kwenye amana, pamoja na faida ya miaka yote hiyo, ndo mauzo yakaendelea. Ingekuwa imeuzwa kwa kulinganisha 212 na 212, yule bibi angekufa, watoto wangekuja na karatasi imekunjwa mara nne, na mwenye nyumba mpya angewaambia kwa ukweli kabisa sina jina hilo.

Ndo maana nasema sheria nzuri ya kuhamisha ina vitu ambavyo mi sikubali vikosekane: hesabu ifanywe kutoka kwenye mikataba kwenda benki, sio benki kwenda kwenye leja tu, mnunuzi asaini kwamba amezipokea zile ahadi moja moja kwa majina, na kila mteja aliye hai atumiwe barua. Barua hiyo majimbo mengine hayailazimishi na inaniuma, stempu ni senti tu.

Sasa nirudi kwa yule dada. Nilimpigia nikamwambia dada yangu, mwombe mzee akuonyeshe mkataba, sio risiti, mkataba. Angalia umeandikwa amana au bima. Kama ni bima tafuta jina la kampuni na namba ya hiyo bima, pigia bima wenyewe, usipigie nyumba ya mazishi, uliza malipo yameelekezwa kwa nani, kama bado ni jina la zamani ibadilishwe. Kama ni amana tafuta jina la benki, uliza salio la mkataba huo, waombe kwa maandishi. Halafu piga Idara ya Benki ya jimbo uulize huyu mmiliki mpya ana ruhusa ya mazishi ya mapema na ameichukua mikataba ya mwenzake. Na mwisho, nakala ya mkataba ipewe mtoto wa mzee au mtu anayemwamini, isikae yenyewe kwenye droo ya kitandani.

Jana jioni akanitumia picha. Ni amana, mkataba wa 2003, bei imefungwa, jina la benki liko chini kabisa kwa maandishi madogo, na benki hiyo tangu wakati ule imeshanunuliwa na nyingine. Nimeshampa namba ya kitengo cha amana cha hiyo benki mpya, Jumatatu wanapiga wakiwa wote wawili, yeye na mzee, simu ikiwa kwenye spika.