Elektroni hurudi hata kwenye mteremko

Ukipanda basi la jioni kutoka Arusha kwenda Moshi, giza likiingia mnapopita Usa River, tazama dirishani. Utaziona taa za maduka nje, na utauona uso wako mwenyewe. Kioo kimepitisha mwanga mwingi na kurudisha kidogo: kila upande wake hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokifikia wima. Wanafunzi wa chuo wanaokuja kwangu Majengo wakati wa likizo huwa nawaanzishia hapo, kabla hatujagusa hesabu, maana elektroni, zile chembe ndogo za umeme, nazo hurudi vivyo hivyo. Hizi hapa dhana tano zinazowapotosha.

Dhana: chembe yenye nishati ya kutosha hupita tu.

Mpira uliopigwa kwa nguvu hupanda tuta na kuendelea. Elektroni ni habari nyingine, kwa kuwa mwendo wake ni wa wimbi. Wanafizikia Davisson na Germer walilionyesha hilo mwaka 1927 kwa fuwele ya nikeli. Nishati tuli, yaani ile inayotokana na mahali elektroni ilipo, ikipanda ghafla kama kidato cha ngazi, urefu wa wimbi nao hubadilika ghafla, na sehemu ya wimbi hurudi. Tuseme elektroni ina elektronivolti 4 (kipimo kidogo cha nishati), kidato ni cha 3. Juu ya kidato nishati ya mwendo inabaki 1, yaani robo, kwa hiyo kasi ni nusu. Chukua tofauti ya kasi hizo mbili, gawanya kwa jumla yake, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: 1/9. Katika elektroni 900, kama 100 zitarudi, ingawa zote zilikuwa na nishati ya kupita.

Dhana: penye kushuka hakuna kinachorudi.

Hapa ndipo wengi hufunga daftari. Igeuze safari ile: elektroni itoke kwenye elektronivolti 1 ishukie 4. Kasi ni zilezile mbili, na jibu ni lilelile 1/9. Shimo likiwa refu zaidi, zinazorudi huongezeka.

Basi mbona mpira haurudi ukingoni mwa meza? Swali hili nalipenda kuliko yote, maana kanuni ile haina uzito wa chembe wala namba ya Planck (ile namba ya msingi ya fizikia ya chembe ndogo) ndani yake, na mtu anaweza kudhani hata mpira unahusika. Siri imo katika neno “ghafla”. Wimbi la elektroni ya elektronivolti 1 lina urefu wa nanometa 1.2 hivi. Badiliko likitandazwa taratibu kwenye urefu wa mawimbi mengi, kurudi kunakaribia kutoweka. Wimbi la mpira ni fupi mno kuliko hata atomu, kwa hiyo kwake kila ukingo ni badiliko la polepole.

Dhana: elektroni hupasuka vipande viwili.

Hapana. Kipimo huikuta nzima, upande huu au ule, na iliyorudi ina nishati ileile iliyokuja nayo.

Dhana: nishati ikiwa pungufu ya kidato, elektroni huishia ukingoni.

Kweli zote hurudi, lakini wimbi huingia ndani kidogo. Ikipungukiwa elektronivolti 1, uwezekano wa kuikuta ndani hushuka hadi kama theluthi kwa kila nanometa 0.1. Tusiite hilo kupenya ukuta. Kupenya kunahitaji ukuta wenye upande wa pili, kama pengo ambalo Binnig na Rohrer walilitumia mwaka 1981 katika hadubini yao ya kuonyesha atomu.

Dhana: kimo cha wimbi lililopita, kikipigwa mraba, ndicho kiasi kilichopita.

Kosa hili huwaumiza vijana kwenye mtihani. Kwa mfano wetu wa kwanza kimo ni 4/3 ya kile cha wimbi lililokuja, mraba wake 16/9, zaidi ya elektroni zilizokuja! Kinachohesabiwa ni mtiririko, na juu ya kidato elektroni zinakwenda kwa nusu ya kasi. Zidisha 16/9 kwa 1/2, upate 8/9. Weka na ile 1/9 iliyorudi, zimetimia.