Kitako cha Bunduki: Yanayosemwa Arusha na Yaliyo Kweli

Mtu akisikia kwamba jirani yake anajitengenezea bunduki ya kuwindia, hudhani ameweka tanuru uani na anafua mtutu kama wahunzi wa magobole. Sivyo. Kuunda silaha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo mtutu, chemba (pale risasi inapokaa) na kifyatulio ni kazi ya fundi mwenye leseni, na ndiye atakayeifunga bunduki mwishoni. Kinachobaki kwa mpenda kazi ya mikono ni mbao, yaani kitako kinachokaa begani na kuubeba mtutu kwa chini, nazo zinatosha kumshughulisha mwaka mzima na zaidi.

Dhana ninayoisikia mara nyingi zaidi hapa Arusha, ambako vinyago vya mpingo vinauzwa kila kona, ni kwamba mti mgumu kuliko yote ndio utakaotoa kitako bora kuliko vyote. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini: mita moja ya ujazo huzidi kilo 1,200, karibu maradufu ya mjozi, mti ambao mafundi wa Ulaya wameutumia kwa karne kadhaa. Kitako cha namna hiyo kingemchosha mwindaji kabla jua halijapanda. Mninga wetu, unaosifika kwa kutojikunja ukishakauka, unaukaribia mjozi kwa uzito, na kwa maoni yangu haujapewa heshima unayostahili.

Kinachohitaji kuangaliwa kabla ya ugumu ni mwelekeo wa nyuzi. Shingoni, pale kiganja kinaposhika, kitako huwa chembamba, na nyuzi zikikatiza hapo badala ya kufuata shingo, teke la .375 H&H Magnum, risasi iliyotoka London mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa wanyama wakubwa bado wanaibeba, litaipasua siku moja.

Wapo pia wanaoamini kwamba ubao uliolala ghalani miezi miwili umekauka. Kanuni ya zamani ya maseremala ni takribani mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, nami niliipuuza. Kitako changu cha kwanza nilikichonga Februari; masika yalipoingia kikajikunja, kikausukuma mtutu kutoka kushoto, na risasi zote zikaanza kwenda kulia. Niliilaumu darubini kwa wiki mbili, hadi nilipopitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya mtutu na mbao, ikakwama katikati ya njia.

Hapo ndipo nilipoachana na imani nyingine, ya kwamba mbao zikiubana mtutu ndipo bunduki inapokuwa imara. Mtutu hutikisika risasi inapopita na hupanuka ukipata joto, kwa hiyo katika bunduki nyingi za kulenga mbali huachiwa upenyo, ili noti ipite bila kugusa popote.

Kuhusu mafuta ya kitani ya kupaka kitako, kuyazidisha si bora. Hupakwa matone machache, yakasuguliwa kwa kiganja mpaka mbao zipate joto, kisha yakaachwa yakauke kabla ya mkono mwingine. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visiviringishwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa huweza kujipatia joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Vyangu huvitandaza kwenye kamba nje, kimoja kimoja, na majirani hudhani ni matambara ya kupigia deki.