Uvimbe wa shingo: yasemwayo Mombasa na ukweli wake

Mombasa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, hujificha vizuri. Mtandio huifunika, kola ya shati huifunika, na mwenye nayo huweza kukaa miaka kabla hajaulizwa na mtu. Mara nyingi anayeiona kwanza ni msusi, au fundi anayepima shingo ya gauni la harusi, au mwenyewe siku anapotoa kidani cha zamani na kukuta ndoano haifiki tena ilipokuwa ikifika. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kila jirani ana lake, na mengi humpeleka mgonjwa kila mahali ila maabara.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, imelikumbatia koo la hewa kama kipepeo aliyetua. Kwa mtu mzima ina uzani wa gramu 20 hivi. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, joto, uzito, hedhi, usingizi, hata choo. Ikivimba, maswali ni mawili, na yote mawili hayajibiwi kwa macho. Je, inatoa homoni kiasi kinachofaa? Na ndani yake mna nini?

"Siye twala samaki, goita ni ya watu wa bara"

Hii ndiyo dhana niisikiayo zaidi, na haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Tezi huhitaji madini ya ayodini ili itengeneze homoni, na tangu zamani sehemu za milimani zilizo mbali na bahari ndizo zilizojulikana kwa goita duniani. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Ayodini ya maisha yote ya mtu haijazi kijiko cha chai. Lakini hicho kidogo kikikosekana, tezi hujitanua ikijaribu kunasa kila chembe inayopita.

Kosa letu ni kudhani kwamba bahari itatugawia yenyewe. Ukienda Gongoni au Marereni, kaskazini mwa Malindi, utaona maji ya bahari yametegwa kwenye vidimbwi vipana na kuachiwa jua. Chumvi inayobaki ni nyeupe na kali, lakini ayodini yake ni haba mno. Ile iliyomo kwenye pakiti ya dukani imetiwa kiwandani, kwa kuwa sheria ya Kenya yataka hivyo. Anayenunua chumvi ya mawe ya kupimiwa, akisifu kwamba ni ya asili, huenda analeta nyumbani chumvi tupu. Na hata iliyotiwa hupungua nguvu ikikaa kwenye kopo lisilofunikwa kando ya jiko, kwa joto na unyevu wetu huu. Funika kopo, na mchuzi utie chumvi ukikaribia kuiva.

Samaki wana ayodini, ndiyo, lakini si wote kwa kiasi kimoja, na bei ya samaki siku hizi yafanya nyumba nyingi za Kisauni na Likoni zile mboga na maharagwe siku nyingi kuliko samaki aina ya changu.

Halafu kuna goita zisizohusiana na upungufu wa ayodini hata kidogo. Kuna maradhi aliyoyaeleza daktari Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi itoe homoni bila kipimo. Kuna yale aliyoyaeleza Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912, ambapo kinga hiyohiyo huishambulia tezi mpaka ikachoka. Kuna vinundu vinavyoota ndani ya tezi kadiri umri unavyosonga. Yote haya humpata mtu hata kama amekulia Kibokoni, Mji wa Kale, na hajawahi kukosa samaki mezani. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume, ila wanaume nao huyapata, na kwa kuwa wameambiwa ni ya kina mama huchelewa kwenda kupimwa.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtu mwenye uvimbe anaanza kunywa mwani uliosagwa au matone ya ayodini yanayouzwa kwenye simu kuwa "huyeyusha goita." Mwani huweza kuwa na ayodini nyingi kupita mahitaji ya siku mara nyingi. Mwenye vinundu vya miaka akiimiminia tezi ayodini ghafla, vinundu hivyo huweza kuanza kutoa homoni ovyo, moyo ukaanza kwenda mbio. Hajatibu kitu, na sasa ana maradhi mawili.

"Ni jicho"

Sina ugomvi na dua, wala na kombe analokunywa mtu kwa imani yake. Mgonjwa aweza kuombewa asubuhi na kutolewa damu ya kupimwa mchana. Ugomvi wangu ni na wembe. Tezi ni kiungo chenye damu nyingi sana, na iliyovimba huwa na nyingi zaidi. Kuchanjwa chale shingoni, kubandikwa dawa ya kuchoma ngozi au kukandwa kwa nguvu ili uvimbe "urudi ndani" huleta kutokwa damu, vidonda na usaha karibu na njia ya hewa.

Wengine husema ni ndoo za maji zilizobebwa kichwani, au kusukuma sana wakati wa kujifungua. La. Mimba yenyewe huweza kuifanya tezi ikue kidogo, kwa hiyo mama huiona baada ya uzazi na kuulaumu uchungu.

"Haiumi, iwache"

Goita nyingi haziumi. Ukubwa nao hausemi lolote kuhusu kazi: kuna shingo imejaa mbele na homoni ziko sawa kabisa, na kuna tezi isiyoonekana hata ukikazia macho, lakini imemkondesha mwenyewe nusu.

Unaweza kujikagua nyumbani. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, piga funda la maji na umeze huku ukitazama chini ya kikoromeo. Uvimbe unaopanda na kushuka na funda huenda unatoka kwenye tezi. Hilo lakwambia mahali tu, basi. Kwa swali la homoni ni kipimo cha damu kiitwacho TSH, na T4, homoni yenyewe ya tezi, pamoja nacho. Kwa swali la ndani mna nini ni ultrasaundi ya shingo. Kimoja hakitoshi badala ya kingine. Nimeona watu wakirudi nyumbani na furaha kwa kuwa damu imetoka sawa, ilhali kinundu hakijatazamwa na mtu.

Na hapa pana kutoelewana kunakosumbua wengi wanaposoma karatasi yao wenyewe. "TSH yangu iko juu, basi tezi inafanya kazi kupita kiasi." Ni kinyume chake. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza ile ya shingo. Ya shingo ikilegea, himizo huongezwa, na TSH hupanda. Ikizidisha homoni, himizo huzimwa, na TSH hushuka. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida, japo usome kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, mwambie daktari na uviwache siku mbili kabla ya kutolewa damu, maana huweza kuvuruga majibu.

"Amekonda, ana ule ugonjwa"

Maneno haya yameumiza watu wengi bure. Tezi inayozidisha homoni humkondesha mtu huku anakula vizuri, mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, usingizi ukapotea, hasira zikawa karibu, pengine na macho yakatokeza. Jirani humaliza hukumu kwa kumtazama akipita. Kwenye kliniki nako aweza kuambiwa ni presha au mawazo.

Upande wa pili ni tezi iliyolegea: uchovu usioisha, kunenepa, ngozi kavu, choo kigumu, hedhi nzito, sauti kukwaruza. Ukimwona mtu Mombasa, mwezi wa Februari, anaomba feni izimwe na kujifunika leso, usimwite mvivu wala usimtafutie jini. Mwambie apime TSH.

"Ni kansa hiyo"

Vinundu vingi vya tezi si saratani; zaidi ya 9 katika 10 ni salama. Cha kumkimbiza mtu hospitali ni uvimbe mgumu, unaokua upesi, sauti iliyobadilika na hairudi, matezi mengine pembeni mwa shingo, shida ya kumeza, au pumzi inayobana akilala chali.

Ultrasaundi ikionyesha kinundu cha kutiliwa shaka, daktari huchukua chembechembe kwa sindano nyembamba. Wengi hukimbia hapo, wakisema ukiigusa itasambaa. Kuichoma kwa sindano hakugeuzi kinundu salama kuwa saratani, na hofu ya kusambaza haina sababu ya kumzuia mtu apimwe. Hata ikiwa ni saratani, aina inayopatikana zaidi kwenye tezi hukua polepole na hutibika vizuri ikiwahiwa.

Muhogo nao hulaumiwa kwa goita. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukiliwa kila siku na mtu asiyepata ayodini, huweza kuchangia goita. Muhogo wa kukaanga unaokula jioni pale ufukweni Mama Ngina hauna neno.

"Ukikatwa shingo, sauti imekwenda, au roho"

Zamani hofu hii ilikuwa ya haki. Katikati ya karne ya 19 upasuaji wa goita uliua wengi, kwa damu na kwa usaha. Aliyegeuza mambo ni mpasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, aliyefanya upasuaji huu maelfu ya mara mpaka vifo vikashuka chini ya 1 katika 100, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Hatari haijaisha yote. Mshipa wa fahamu wa sauti hupita nyuma ya tezi, na wachache hubaki na ukwaruzo. Wa kudumu, kwa mpasuaji aliyezoea, ni kama 1 au 2 katika 100. Kuna pia vitezi vinne vidogo vinavyolinda kalsiamu: ukihisi ganzi midomoni au vidoleni baada ya upasuaji, mwite muuguzi hapo hapo. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi. Si utovu wa adabu. Na tezi inayozidisha homoni lazima itulizwe kwa dawa kwanza ndipo kisu kifuate.

Si kila goita hukatwa. Nyingi huangaliwa tu, nyingine hutulizwa kwa vidonge au kwa ayodini yenye mionzi, ambayo huenda ukapewa rufaa ya Nairobi.

"Nimepata nafuu, dawa nimeiwacha"

Aliyeondolewa tezi yote hunywa levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, maisha yake yote, maana hana kiungo kingine cha kuitengeneza homoni hiyo. Huinywa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya chuma na kalsiamu vingoje muda wa saa 4. Ramadhani isikuwachishe: wengine huinywa kabla ya daku, wengine usiku wakilala, muda wa saa 3 baada ya kula. Kuinywa pamoja na uji na tende za kufuturu ndiko kunakoiharibia kazi. Panga na daktari mwezi haujaandama.

Anayetumia kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi inayozidisha homoni, akipata homa na koo kuuma, awache kidonge na apimwe damu siku hiyohiyo, kwa sababu mara chache dawa hiyo huangusha chembe nyeupe za damu. Mwanamke anayepanga kushika mimba aseme mapema. Kabimazoli huenda ikabadilishwa. Levothairoksini haikatizwi, bali mara nyingi huongezwa, kwa kuwa ubongo wa mtoto waitegemea.

"Sina pesa za hayo yote"

Huhitaji yote kwa siku moja. TSH na ultrasaundi kwanza. Mtu akianza kwa kukuandikia picha kubwa za gharama, muulize sababu. Zahanati yaweza kukuandikia rufaa ya hospitali ya Coast General, na kabla ya kulazwa uliza SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na wewe utalipa nini. Iombe ripoti ya ultrasaundi iandike kila kinundu kwa milimita, na karatasi uziweke pamoja, ili mwaka ukipita daktari alinganishe namba kwa namba.