Kadi ya TWIC kwenye boti za wapiga mbizi: yanayosemwa gatini na yaliyomo kwenye sheria

"Marekani hufanyi kazi kwenye boti ya wapiga mbizi bila TWIC." Kauli hii imewapotezea watu muda na hela, na shida yake ni kwamba zamani ilikuwa na ukweli ndani yake.

TWIC ni kadi ya utambulisho ya wafanyakazi wa bandarini na melini. Chimbuko lake ni sheria ya usalama wa usafiri wa majini ya mwaka 2002, iliyopitishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kanuni zake zilipokaza nchi nzima, Aprili 2009, kila mwenye cheti cha ubaharia alitakiwa kuwa nayo, hata nahodha wa kiboti cha abiria sita. Mwaka 2010 Bunge likalegeza: baharia asiyefanya kazi kwenye chombo chenye mpango wa usalama hana ulazima wa kuishika. Habari ya kukaza ilienea. Ya kulegeza haikufika mbali.

Kwa hiyo usianze kuuliza cheo chako, uliza boti yenyewe. Mpango huo wa usalama unadaiwa kwa meli ya ndani iliyoidhinishwa kubeba abiria zaidi ya 150, au chombo chenye abiria zaidi ya 12, akiwemo angalau mmoja wa kulipa, kikiwa katika safari ya kimataifa. Boti inayotoka asubuhi na watu ishirini na mitungi yao, ikawashusha mchana gati lilelile, haimo. Ichukue watu haohao ishirini kutoka Florida kwenda Bahamas kwa wiki moja, imo. Hapo anayeingia maeneo yake yaliyodhibitiwa bila kusindikizwa anatakiwa awe na kadi, awe nahodha au mpishi.

Wapo waliosikia habari ya mwaka 2010 wakaipokea kupita kiasi: "Basi sina haja ya kukanyaga kituo cha TWIC." Hapa ndipo wengi hukwama. Anayeomba cheti cha ubaharia kwa mara ya kwanza bado anapita kituo kile kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kulipa ada, hata kama boti yake haidai kadi. Walinzi wa Pwani hutumia taarifa hizo kumchunguza mwombaji. Kwangu mimi ni utaratibu wa kuudhi, kulipia uandikishaji wa kadi usiyoihitaji, lakini ndio uliopo. Tena msichanganye: kadi hutolewa na TSA, walewale wanaokagua abiria viwanja vya ndege, na cheti hutolewa na Walinzi wa Pwani. Kila kimoja hudumu miaka 5, na kuhuisha kimoja hakuhuishi kingine.

Na yule anayewaongoza wageni chini ya maji? (Naepuka kumwita mzamiaji, maana mzamiaji wa meli ni mtu mwingine kabisa, na huyo hapendwi bandarini.) Kwenye boti ndogo za chini ya tani 100, wasaidizi wa nahodha kwa kawaida hawadaiwi cheti cha ubaharia. Lakini akipewa jukumu la usalama wa abiria, mathalani kuwaongoza wakati wa dharura, anaingia kwenye mpango wa vipimo vya dawa za kulevya, hata kama hana cheti wala kadi. Hili halihusiani na TWIC, ndiyo maana husahaulika.

Gati nalo lina yake. Boti inaweza kuwa nje ya kanuni huku bandari inakofungwa ikiwa ndani yake; usiye na kadi utasindikizwa. Na mwenye kadi asidhani ana ufunguo. Kadi inaonyesha tu kwamba umechunguzwa. Kuruhusiwa kupita ni uamuzi wa mwenye eneo.

Kuhusu waliowahi kuhukumiwa, si kweli kwamba kosa lolote linafunga mlango. Ugaidi, ujasusi na uhaini hufunga moja kwa moja. Makosa mengine mengi makubwa huangaliwa miaka 7 tangu hukumu, au 5 tangu kutoka gerezani, na mwombaji anaweza kukata rufaa au kuomba msamaha wa sharti. Uraia pia si lazima kwa TWIC: wakazi wa kudumu na wakimbizi wanaipata.

Dhana inayonikera zaidi ni ya abiria, kwamba wafanyakazi wenye kadi maana yake boti salama. Boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception ilipoungua karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, Septemba 2, 2019, walikufa watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha. Wachunguzi walilaumu kukosekana kwa mlinzi wa kuzunguka usiku. Uchunguzi wa TWIC hauulizi nani anakesha.

Halafu, kwa wanaoelekea Bahamas: TWIC hukubalika kama kitambulisho kwenye ukaguzi wa ndege za ndani ya Marekani, ila Nassau wataomba pasipoti.