Goti limekataa netiboli: uhamie mchezo gani?

Mchezaji akiambiwa kano ya goti imekatika, anachouliza kwanza ni lini atarudi uwanjani. Swali la pili huja baada ya miezi, kwa sauti ya chini: "Na nisiporudi je?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na naona wengi wetu kwenye kazi hii tunalijibu kwa haraka mno. Tunasema "jaribu kuogelea", kisha tunamwita anayefuata.

Nilijifunza kwa dada mmoja aliyekuwa senta wa timu ya netiboli hapa Dar es Salaam. Aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu mmoja, akageuza kiwiliwili huku unyayo umeganda chini. Hakuguswa na mtu. Alisikia "pa!" ndani ya goti, akakaa chini. Kano ile, ambayo wachezaji wanaijua kwa herufi tatu, ACL, mara nyingi hukatika hivyo hivyo, bila kugongana. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kujizungusha chini ya mfupa wa paja. Netiboli huidai kano hiyo kila dakika, kwa kuwa sheria hairuhusu kukimbia na mpira: ukidaka, unasimama.

Akafanyiwa upasuaji, akafanya mazoezi bila kukosa. Miezi 9 ikatimia. Kabla ya hapo simruhusu mtu kurudi kwenye mchezo wa kugeukageuka, hata ajisikie mzima namna gani. Nilipolipima paja lake kwa futi kamba, sentimita 10 juu ya pia ya goti, bado lilikuwa jembamba kuliko lenzake. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, nayo ilikuwa imeumia, na kila akijaribu kuruka, goti linavimba hadi kesho yake. Akaamua mwenyewe kuachana na netiboli. Siku hiyo alilia, nami sikumharakisha.

Nikampa baiskeli ya mazoezi ya ndani. Kwa upande wa goti sikukosea: mguu unakwenda mstari mmoja, hakuna kutua, hakuna kujipinda. Baada ya wiki tatu akaacha. Nilipomuuliza ni nini hasa alichokipenda kwenye netiboli, hakutaja mpira wala mabao. "Kuitana," akasema. Zile sauti za wenzake, "nipe!", "nyuma yako!", halafu chai ya pamoja mazoezi yakiisha. Na mimi nilikuwa nimemkalisha peke yake akitazama ukuta.

Siku hizi naanza na mambo mawili. Kiungo kilichoumia hakiwezi tena kubeba mzigo wa aina gani? Na mchezaji huyu alikuwa anafuata nini uwanjani: mbio, mapambano, watu, ukimya? Mfano ninaoupenda ni wa Michael Woods wa Canada. Alikuwa mkimbiaji wa maili moja chini ya dakika 4, lakini mfupa wa mguu ulipasuka tena na tena kwa mishindo ya kukimbia. Moyo na mapafu yake havikuwa na kasoro yoyote. Akahamia baiskeli, ambako unyayo haupigi chini, na mwaka 2023 akashinda hatua, yaani mbio za siku moja, ya mashindano ya baiskeli ya Tour de France, iliyoishia kilele cha Puy de Dôme.

Kwa anayehitaji timu lakini miguu haimruhusu kuruka, upo mpira wa wavu wa kukaa. Kwa wanawake wavu una urefu wa mita 1.05 tu, na kelele za kuitana ni zilezile. Wanawake wa Rwanda wameufikisha hadi Paralimpiki ya Rio mwaka 2016.

Mchezo ukishapatikana, angalia namna unavyochezwa. Kuogelea kwa teke la chura hulisokota goti, kwa hiyo wenye kano iliyotengenezwa nawataka waogelee kwa kupiga miguu iliyonyooka. Kwenye baiskeli, kosa ninaloliona sana ni siti kuwa chini: goti linakunjika mno na pia ya goti inasagika. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa.

Dada yule siku hizi huendesha na kikundi kinachoondoka Jumapili alfajiri kwenye barabara ya Bagamoyo, kabla magari hayajawa mengi. Wanakwenda wamefuatana, na aliye mbele anawaonya walio nyuma. Nilikwenda nao mara moja. Tulipokaribia kwenye lami iliyobomoka, dada aliinua mkono wa kushoto akapaza sauti, "Shimo!", na nyuma yake wenzake wakaipokeza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikanifikia mimi wa mwisho.